Mita Sita kwa Dakika za Mita Tatu

Siku ya pili ya Idi, saa nne za asubuhi, Hamdan aliiweka finjani yake ya kahawa juu ya busati, hakuinywa. Sahani ya halua aliyokuja nayo ilikuwa imeshafunguliwa. Mama mkwe wangu alipoiona finjani ile imekaa chini, alivuta mtandio wake akanitazama mimi.

Kwetu mgeni mwenye haja nzito hagusi kahawa ya nyumba mpaka haja yake ikubaliwe. Anaiweka mbele yake inapoa, na wote waliomo ndani wanabaki wamebanwa na kikombe kidogo mpaka mmoja wao aseme, "Kunywa, limekwisha." Ni desturi nzuri unapokwenda kumposea kijana. Hamdan aliitumia kunitaka nitie saini.

"Mistari mitatu tu, shemegi," akasema, akaisukuma karatasi upande wangu.

Ilikuwa mistari mitatu kweli. Ilisema kwamba mimi, Raya, nilipanda juu kutoka chini ya bahari kwa uamuzi wangu mwenyewe kabla kiongozi wa mbizi hajatoa ishara, na kwamba maradhi yaliyonipata hayahusiani na kituo chake cha kuzamia. Chini kulikuwa na nafasi ya jina langu.

"Wewe ndiye uliyenipa ishara," nikamwambia.

"Hayo yamepita. Hospitali iliripoti, na ofisi inayosimamia vituo vya mbizi wanataka kufunga jalada, wanataka karatasi. Mimi na Nassor baba zetu ndugu, tumbo moja. Tupelekane ofisini kwa jambo kama hili?"

Nassor, mume wangu, alikuwa anatazama simu ambayo haikuwa imewaka. Mama mkwe akasema kwa upole, "Raya mwanangu, kahawa inapoa."

Nikainuka kwa kushika ukingo wa kochi, maana mguu wangu wa kulia siku hizi hauinuki mpaka uubembeleze. Nikaenda hadi pale alipokaa, nikainama, nikaichukua finjani yake, nikainywa mimi. Ilikuwa baridi na hiliki yake imekaa chini kama tope.

"Kahawa imekwisha," nikasema. "Na saini huipati."

Najua ni utovu wa adabu. Nimelelewa Ghubra, hapa Maskati, na mama Mzanzibari aliyenifundisha hata namna ya kushika finjani. Lakini karibu miezi miwili nilikuwa nimemeza mambo machafu kuliko kahawa ya mtu mwingine, na nataka niyaandike yote, kwa sababu wapo wanawake wanaozamia huku kwetu, ni wengi kuliko wanavyodhani waume wao, na ipo siku mmoja wao atapanda juu mguu unamfa ganzi aambiwe kachoka. Sikusoma udaktari. Nilimaliza sekondari nikakaa mapokezi kwenye kituo hicho hicho cha Hamdan, njia ya Bustan, nikajifunza kuzamia hapo, nikaolewa na mtoto wa ami yake. Ninayoyajua ni yale yaliyopita mwilini mwangu.

Ilikuwa Ijumaa, wiki mbili na siku kadhaa kabla ya Ramadhani. Hiba, binti yangu, alikuwa na miezi kumi na moja, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kurudi baharini tangu nimzae. Tulikuwa wanawake wanne na Hamdan akituongoza. Tulishuka kwenye meli iliyolala chini, mita thelathini, tukakaa muda mrefu, na kila mmoja alijua kwamba ukikaa muda huo huwezi kupanda moja kwa moja. Lazima usimame njiani ili ile hewa iliyouingia mwili chini kule itoke taratibu. Kisimamo cha mwisho ndicho kirefu kuliko vyote.

Kwa ajili ya hicho cha mwisho, chini ya mashua hushushwa bomba la chuma lililofungwa kamba ncha mbili. Mnalishika mnaning'inia mmejipanga kama nguo zilizoanikwa, mnahesabu dakika. Zamani bomba lilikuwa mita tatu. Lakini baridi ya mwaka huu upepo wa kaskazi ulichafua bahari, na kwenye mita tatu mawimbi yalikuwa yanawarusha watu juu na chini. Mwanamke mmoja alitapika ndani ya mpira wa kupumulia, akavuta pumzi, akarudi mashuani anakohoa mabaki ya chakula chake cha asubuhi. Wakalalamika. Basi Hamdan akarefusha kamba, bomba likashuka mita sita, ambako bahari imetulia.

Sina ugomvi na mita sita. Wapo wazamiaji wazuri wanaoichagua kila siku. Ugomvi wangu ni karatasi. Kwenye mashua kuna karatasi iliyotiwa plastiki inayosema mkae dakika ngapi kwenye bomba, na dakika zile zilipigiwa hesabu ya mita tatu. Ukisimama chini zaidi mwili unaitoa ile hewa polepole zaidi, basi unatakiwa ukae zaidi. Hiyo ndiyo elimu yote, haizidi hapo. Hamdan alibadilisha kamba akaiacha karatasi.

Mkononi nilikuwa na saa ya mbizi niliyoiazima kituoni. Tulipokuwa tumeshika bomba, Hamdan akatazama karatasi yake, akainua kidole gumba, tupande. Saa yangu ilikuwa bado inaniandikia dakika tisa. Nikamwonesha. Akatikisa kichwa, akagonga ile karatasi kwa kidole, akainua gumba tena.

Hapa sitajificha. Nilipanda. Niliona haya. Mtu mzima, mtoto wa ami wa mume wangu, mwalimu wangu, nimbishie mbele ya wanawake watatu, tena Ijumaa na wanaume mashuani wanataka kuiwahi sala. Nimeona haya chini ya maji, mahali ambapo hata sauti haipo.

Tulipofika juu tumbo likaanza kuniwasha. Nikadhani ni vazi la mpira, limenibana baada ya uzazi. Asila, shoga yangu tangu darasa la nne, alikaa pembeni yangu anajikuna mabega.

"Na wewe?" nikamwuliza.

"Chumvi tu hii," akasema.

Chupa ya oksijeni ilikuwepo mashuani. Naijua, enzi zangu za mapokezi nikiifuta vumbi kila Alhamisi. Nikamwomba Hamdan anipe nivute kidogo. Akacheka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemegi, ukivaa mambo hayo utawatisha wateja. Kunywa maji, ukifika lala."

Nikaenda nyumbani nikanywa maji, nikalala.

Nilipoamka nikaingia kuoga, nikajiona kwenye kioo. Tumbo na maziwa yote mawili yalikuwa na mabaka ya zambarau yaliyoshikana kama utando, rangi ya nyama iliyosahauliwa buchani. Nilijigusa, sikuamini kwamba ni mimi. Nikavaa haraka, kama vile nguo ndiyo dawa. Nikampigia Hamdan. Akaniambia ni mzio. Alasiri nikakaa kochini na Hiba mapajani, anachezea ufunguo wa gari, na mara nikaona nguo yangu inalowa. Mtoto alikuwa amenikojolea, nepi imevuja, na mkojo unapita juu ya paja la kulia hadi chini ya goti. Nimeuona. Sikuusikia. Si joto, si maji, si chochote, kana kwamba analowesha paja la jirani.

Nikamwita Nassor. Sikumwambia mengi. Nilimwambia, "Nipeleke hospitali, na mtoto mchukue sasa hivi kabla sijamwangusha."

Hospitali ya mwanzo tulikaa chumba cha kungojea mpaka makalio yakafa ganzi kwa yule mwenye makalio yanayosikia. Daktari kijana akaniuliza nimejifungua lini, akasikia bado nanyonyesha, akaniandikia picha ya mgongo na vidonge vya kutuliza wasiwasi. Nilimwambia mara tatu kwamba nimetoka chini ya bahari asubuhi. Mara ya tatu akaandika. Sasa, wewe unayesoma, hili ndilo nalokuomba ulishike: usingoje waulize. Ingia mlangoni unasema, nimezamia leo, mguu hausikii. Sema kwa sauti hata kama chumba kizima kinageuka kukutazama. Mimi nilisema kwa adabu, adabu ikanila saa nne.

Waliponihamisha kwenye hospitali yenye chumba cha mgandamizo mguu wa kushoto nao ulikuwa umeshakufa ganzi, na nilikuwa siwezi hata kukojoa. Wakaniwekea mpira wa mkojo na mfuko wake. Nassor akaushika ule mfuko kwa mikono miwili mbele ya lifti, hajui autazame au asiutazame.

Kikao cha kwanza kilikuwa karibu saa tano. Chumba chenyewe ni tangi la chuma lenye vidirisha, unafungiwa humo, hewa inashindiliwa kama umeteremshwa tena baharini, unavuta oksijeni kwa kinyago, kisha wanakupandisha taratibu, kwa namna ambayo ulitakiwa upandishwe mwanzo. Kabla ya kuingia wanakuvua kila kitu. Nguo ya pamba tu. Hakuna sidiria yenye chuma, hakuna kipini, na hakuna mafuta ya aina yoyote mwilini wala kichwani, wala manukato, kwa sababu oksijeni nyingi namna ile na mafuta ni moto.

Sikuwa nimemnyonyesha Hiba tangu mchana. Kinyago kilikuwa kinanuka mpira na mate ya watu waliotangulia. Saa ya pili maziwa yakaanza kuvuja. Yalipita kwenye ile nguo ya pamba, yakateremka tumboni, yakalowesha shuka, na ndani ya lile joto yakachacha. Nililala ndani ya harufu yangu mwenyewe, nimefungwa, na mfuko wa mkojo unaning'inia pembeni. Niliwahi kuzaa kwa uchungu wa siku nzima, sikupata kuona kinyaa cha mwili wangu kama siku hiyo.

Nesi aliyefungiwa nami mule alikuwa kijana wa Kihindi, jina lake Joji. Alichukua taulo mbili, moja akaniwekea kifuani, nyingine akanifunika, kisha akageukia ukuta akaanza kusoma vipimo ambavyo alikuwa ameshavisoma. Aliendelea kuvisoma mpaka nilipojifuta. Namwombea dua mpaka leo, dini yake na yangu mbalimbali.

Baada ya kikao cha kwanza mguu wa kushoto ulirudi. Baada ya cha tatu wakanitoa mpira, nikakojoa mwenyewe nikalia kwa furaha juu ya choo cha hospitali. Mguu wa kulia ulibaki kama mzigo wa mtu uliopewa uushike.

Tulihamia Bawshar kwa mama mkwe, kwa sababu fleti yetu ya Ghubra ina ngazi. Huko kila mtu alikuwa na sababu ya ugonjwa wangu. Wifi alisema ni hasadi, nilitia picha za bahari kwenye simu. Mama mkwe alisema ni baridi ya uzazi, mwanamke mwenye mtoto mchanga anakwenda kufuata nini chini ya maji. Hakuna hata mmoja aliyesema bomba. Nilisema mimi, wakanitazama kwa huruma, kama mgonjwa aliyeweweseka.

Siku ya kikao cha nne mama mkwe alinijia asubuhi na kichupa.

"Mafuta ya karafuu," akasema. "Nnayo tangu Unguja, mama yangu kayakamua. Lete mguu."

"Mama, wamekataza mafuta."

"Wamekataza ya dukani hayo, yenye dawa. Haya ni ya mti."

Alinisugua kuanzia nyonga mpaka vidoleni kwa mikono yake mwenyewe, anasoma dua, jasho linamtoka. Kisha akanifukiza udi nguo zote nilizovaa, mpaka mtandio. Ningemzuia vipi? Ilikuwa mara ya kwanza tangu niugue kunigusa bila kunilaumu. Tukaingia garini tunanukia kama maharusi.

Mlangoni pa chumba fundi wa tangi alivuta pumzi mara moja tu. "Wapi unakwenda na hiyo?" akaniuliza kwa Kiarabu. Akanirudisha bafuni. Nikaoga kwa sabuni mara mbili, karafuu haitoki, imekaa kwenye vinyweleo. Wagonjwa wengine wakaingia, mlango ukafungwa, kikao changu kikapita. Nikabaki nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nywele zinanitiririka, mguu unanukia vizuri na hausikii kitu. Mama mkwe alikuwa amekaa upande wa pili, kichupa mkobani. Tulipofika nyumbani akakimwaga chote kwenye sinki la jikoni, nyumba ikanuka karafuu wiki nzima, na sote tukajifanya hatuisikii.

Kwenye chumba cha kungojea ndiko nilikopata mtu wa kucheka naye. Wengi waliokuwa wakija pale walikuwa wazee wa sukari, wenye vidonda vya miguu visivyopona. Harufu yake ni kitu ambacho hukizoei, unajifunza tu kupumua kwa mdomo. Bi Thuwaiba alikuwa mmoja wao, mkaazi wa Ghubra, mguu umefungwa bendeji hadi nusu ya ugoko.

"Wewe huna kidonda," akaniambia siku ya kwanza. "Umekuja kufanya nini kwetu?"

"Nilikwenda chini ya bahari, bibi. Nikapanda vibaya."

"Ulifuata nini huko?"

"Kutazama samaki."

"Samaki wako sokoni wamelala chali, unawatazama bure mpaka uchoke." Akanisogelea. "Mume wako alikuwepo?"

"Hakuwepo."

"Afadhali. Basi hana la kusema." Kisha akautazama mguu wangu, akautazama wake. "Mie nna mguu unonuka, we una mguu usosikia. Tungeliwapa hawa waunganishe, pengine ungelipatikana mmoja wa kwendea sokoni."

Ni yeye aliyenifundisha kuleta soksi, kwa sababu ndani ya tangi wakati wa kupandishwa hewa inakuwa baridi. Na ni yeye aliyenitazama usoni kwenye kikao cha saba, nilipomweleza habari ya kamba na karatasi, akauliza swali ambalo nyumba nzima ya Bawshar haikuuliza: "Na hilo bomba liko wapi sasa?"

Sikuwa najua.

Ramadhani iliingia baina ya kikao cha saba na cha nane. Madaktari walinikataza kufunga. Nilikuwa nakunywa maji jikoni nimegeukia friji, na wifi akiingia anatoka kwa kishindo kama kafumania wizi. Hiba alikuwa ameshalikataa ziwa. Siku zile za kwanza niliambiwa nikamue nimwage, mtu mmoja ananiambia maziwa yana sumu, mwingine ananiambia hayana. Ukweli ni kwamba hayakuwa na kitu, lakini mtoto alikuwa ameshazoea chupa. Nikimweka kifuani anageuza uso na kuning'ata. Hili silisamehe. Mguu wangu unaweza kurudi.

Kikao cha kumi na moja daktari akasema basi, kilichobaki ni mazoezi na subira, huenda hisia zikarudi, huenda zisirudi zote. Nikatoka na fimbo ya alumini yenye mpira chini. Joto la Maskati lilikuwa limeanza kurudi, chuma cha ile fimbo kinaunguza kiganja ukiiacha garini.

Siku chache kabla ya Idi Asila akaja kuniona. Alileta zawadi ya Hiba, akakaa, akazunguka maneno mpaka nikamwambia sema.

"Hamdan katangaza safari ya wanawake," akasema. "Ijumaa ya mwanzo baada ya sikukuu. Kumi na wawili wamejiandikisha. Kwenye meli ile ile."

"Bomba?"

"Mita sita. Nimepita jana kumlipia dada yangu nikalitazama. Kamba ndefu vile vile."

"Na karatasi?"

Akatoa simu. Alikuwa ameipiga picha. Karatasi ile ile, dakika zile zile, plastiki yake imekunjika kona ileile niliyoikunja mimi nilipokuwa kazini. Asila ana saa yake mwenyewe ya mbizi, kaka yake kamnunulia, na saa ile inahifadhi kila safari. Akanionesha siku yetu: mita sita, tumesimama muda gani, na tumeacha dakika tisa. Ile niliyoazima mimi Hamdan alisema kampa mteja mwingine na kumbukumbu zake zimefutika.

"Na mabega yako?" nikamwuliza. "Yale ya chumvi."

"Yaliwasha siku tatu." Akatazama chini. "Zichukue namba, Raya. Jina langu liache. Salim anajua siku ile nilikuwa kwa shangazi." Salim ni mumewe.

"Na dada yako anakwenda Ijumaa hiyo."

"Nimemwambia asiende. Kaniambia ninamwonea wivu."

Usiku ule sikumlaumu Asila, nililaumu mwili wangu kwa kuugua peke yake. Kama na yeye angeanguka ningekuwa na ushahidi. Ndivyo ugonjwa unavyokufanya uwe mchafu hata rohoni, mpaka unamtamania shoga yako mguu mfu. Naliandika hili kwa sababu najua sitakuwa wa kwanza kuliwaza.

Kisha ikaja Idi, na Hamdan na halua yake, na hayo nimeshayaeleza. Alipoondoka, mama mkwe alikusanya finjani bila kunitazama. Nassor akanifuata chumbani akasimama mlangoni.

"Umemvunjia heshima nyumbani kwa mama yangu."

"Ndiyo."

"Ni ndugu yangu, Raya."

"Najua. Na Ijumaa anawapeleka wanawake kumi na wawili kwenye bomba lile lile. Nikitia saini, ofisi wanafunga jalada, na la mita sita linabaki na karatasi ya mita tatu. Niambie wewe niandike nini."

Alikaa kitandani. Hiba alikuwa amelala katikati yetu, mikono juu. Nassor ni mtu mwema. Wema wake huanza polepole, kama gari lililokaa juani.

"Siwezi kuingia nawe," akasema mwisho. "Ami yangu akisikia nimeingia nawe, ni kesi nyingine. Nitakupeleka mpaka mlangoni."

"Mlango unanitosha."

Ofisi zilipofunguliwa baada ya sikukuu alinipeleka. Alibaki garini, kiyoyozi kinanguruma. Mimi nikapanda ngazi sita kwa fimbo, nikizihesabu, ndani nikachukua fomu ya malalamiko, na kwenye safu ya viti vya kungojea nikamkuta Asila. Amevaa baibui lake la kazini, saa ya mbizi mkononi, nje ya mkono wa baibui.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimemwambia Salim," akasema.

"Akasemaje?"

"Usiniulize leo." Akavuta fomu kutoka mkononi mwangu, akaitazama. "Andika. Mwandiko wako wa Kiarabu ulikuwa mzuri kuliko wangu."

Nimeiandika kwa Kiarabu, kwa kalamu ya wino mweusi kama walivyotaka. Kwa Kiswahili inasema hivi:

*Mlalamikaji: Raya, mama wa nyumbani. Zamani mfanyakazi wa mapokezi wa kituo kinacholalamikiwa.*

*Uhusiano na mlalamikiwa: Ni mtoto wa ami wa mume wangu.*

*Maelezo: Kituo kimeshusha bomba la kisimamo cha mwisho kutoka mita tatu hadi mita sita na kuendelea kutumia dakika za mita tatu. Kiongozi alioneshwa saa yenye dakika tisa zilizobaki, akaamuru tupande. Niliomba oksijeni iliyokuwemo mashuani, nikanyimwa. Nimetibiwa vikao kumi na moja. Mguu wa kulia hauna hisia kutoka katikati ya paja hadi vidoleni. Siku ya pili ya Idi mlalamikiwa alinitaka nitie saini maelezo ya uongo. Sikutia. Nakala aliiacha sebuleni, nimeiambatanisha. Picha ya karatasi ya dakika na kumbukumbu za saa ya mbizi pia zimeambatanishwa.*

*Unaomba nini: Safari ya Ijumaa hii isimamishwe mpaka mkaguzi aende na futi, apime kamba, kisha asome karatasi. Kina ni hiari yao, wachague watakacho. Dakika ziwe za kina hicho.*

*Je, uko tayari jambo hili limalizwe kwa maelewano ya kifamilia: Hapana.*

*Shahidi: Asila binti Khalfan. Alikuwepo chini ya maji. Jina hili ameliandika mwenyewe.*